Diski Ndani ya Hotpoti

Neema, mratibu wenu, ameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi, kwa kuwa nimestaafu na sasa, kama anavyosema yeye, nina muda. Muda sina; nina wajukuu wanne na paa linalovuja. Lakini nitaandika, kwa sababu nawajua: mkiachwa peke yenu mtaanza tena kutupa vitu. Vyeo sitavitaja, maana niliingia nikiwa fundi wa kompyuta na nikatoka nikiwa fundi wa kompyuta, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaeleza habari za hotpoti, za diski, na za salamu moja niliyonyimwa kwa miaka mingi.

Kwa wale mlioajiriwa juzi: shirika letu ni dogo, na kazi yake ni kusaidia zahanati za vijijini kutunza daftari la watoto kwenye kompyuta. Mtoto akizaliwa anaandikwa, akichanjwa anaandikwa, akichelewa chanjo programu inamtaja kwa jina na nesi anamtafuta mama yake. Programu yenyewe haina maajabu. Maajabu ni kuifikisha. Nilipoanza, ofisi ilikuwa chumba kimoja Dunda, hapa mjini, nyuma ya duka la vitambaa, na zahanati zetu zilitawanyika kuanzia Makurunge hadi mbele ya Kiwangwa. Mtandao ulikuwa kwenye kompyuta moja tu ya ofisi, na siku nyingi haukuwepo hata hapo. Kila kilichokwenda kijijini kilibebwa na mtu.

Mtu huyo mwanzoni alikuwa Mzee Hemed. Ukoo wake ni wa Waarabu wa mjini waliouza vitambaa kwa vizazi, yeye akavikataa vitambaa akafungua kibanda cha kutengeneza redio na kunakili kaseti. Kaseti zilipokufa akajifunza kompyuta akiwa na mvi tayari. Siku yangu ya kwanza nilifika na viatu vya kisigino na cheti changu ndani ya bahasha ya plastiki. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, cheti hakukitazama. Alifungua droo akanipa kaseti.

"Hii ni mawaidha ya sheikh mmoja, marehemu sasa," alisema. "Watu wameiazima mara ngapi sijui. Imeponaje mpaka leo?"

Nikasema sijui. Akanionyesha ukingo wa juu wa kaseti, penye kitundu kidogo mahali palipokuwa na kipande cha plastiki. Kipande kile yeye alikiita jino. Kaseti yenye jino inarekodika. Ukilivunja, hata mwenye kiherehere akibonyeza kitufe cha kurekodi, redio inakataa.

"Hili nililijua kwa kuchelewa," alisema. "Kuna kijana aliniachia kaseti ya wosia wa baba yake nimnakilie. Mimi nikarekodia mpira juu yake. Alipokuja kuichukua, baba yake alikuwa ameshazikwa. Nikamsikilizisha mpira." Akairudisha kaseti kwenye droo. "Vunja jino kabla hujatoka mlangoni. Mengine utajifunza njiani."

Mengine nilijifunza, kweli. Nilijifunza kuchoma diski, yaani kuiandika programu kwa mwali wa mashine juu ya sahani ile ya kung'aa, polepole, kwa mwendo wa chini kabisa, ingawa mashine inakushawishi uende haraka. Nilijifunza kuifunga diski, yaani kuiambia kompyuta kwamba humu hakuna kitakachoongezwa tena, ndiyo kuvunja jino kwenyewe. Nilijifunza kuisoma tena kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuiamini, kwa sababu kompyuta iliyochoma diski haikosi kuisifu kazi yake. Na nilijifunza kuandika alama za uhakiki. Kompyuta ina uwezo wa kulisoma faili lote na kutoa mstari mmoja wa herufi na tarakimu. Faili likibadilika hata chembe, mstari wote unabadilika. Mzee Hemed aliuandika mstari huo kwa mkono kwenye karatasi, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma chuo cha Kurani, na karatasi ilisafiri na diski. Zahanati ikipokea, nesi anaisomesha kompyuta faili lile, kisha analinganisha herufi kwa herufi. Zisipolingana, diski inarudi.

Hotpoti ilikuwa ubunifu wangu. Diski haipendi jua, haipendi vumbi, na barabara ya wakati ule ilikuwa na vyote viwili kwa wingi. Nilichukua hotpoti niliyopewa kwenye harusi yangu, ile kubwa yenye maua mekundu, nikaitandika kipande cha khanga ndani, nikapanga diski. Nikawa naipakata juu ya pikipiki. Tatizo lake ni moja: mtu akiteremka na hotpoti mikononi, watu hudhani ameleta pilau. Kuna zahanati moja ambako mlinzi alikuwa akinawa mikono akiniona tu. Nilimkatisha tamaa kila mwezi, na kila mwezi alinawa.

Zahanati ya mbali kuliko zote ofisini tuliiita Mwisho wa Njia, kwa kuwa ukishafika pale pikipiki haina pengine pa kwenda ila mashamba ya mananasi. Nesi wake alikuwa Mwajuma. Nilimzidi kama miaka kumi hivi. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na daftari lake lilikuwa safi kuliko ya wote. Akinisikia nafika hutoka hadi barazani, hupokea hotpoti kwa mikono miwili, na kabla sijavua kofia ya pikipiki huwa ameshasema, "Shikamoo dada Zuhura." Nami humwitikia marahaba, kisha ndipo tunaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Siku zile niliona ni jambo la kawaida tu.

Sasa nifike kwenye kosa. Wengi wenu mmelisikia kwa mafumbo. Hapa nitalieleza lilivyokuwa.

Flashi zilikuja. Kitu kidogo kama kidole gumba, kinabeba kuliko diski kumi, hakihitaji kuchomwa wala kusubiriwa. Nilimwonyesha Mzee Hemed, ambaye wakati huo magoti yalikuwa yamemkataza safari. Aliigeuzageuza.

"Jino lake linavunjwaje?"

"Hii haivunjwi, mzee. Unaandika, unafuta, unaandika tena."

"Basi si kitu cha kupelekea watu," alisema. "Ni kitu chako mwenyewe."

Nilimwona mzee wa watu amepitwa na wakati. Nikaweka programu mpya kwenye flashi moja, nikapanga kuzunguka nayo zahanati zote, na kwa kuwa nafasi ilikuwa tele, nikaamua flashi hiyohiyo ndiyo ibebe pia nakala za akiba za madaftari ya watoto ninapopita kuzikusanya.

Ilikuwa karibu na Maulidi. Mwajuma alinipigia akaniomba nimletee kaswida fulani kwa ajili ya watoto wa madrasa, waisikilize waishike kabla ya siku yenyewe. Mtu akikuombea madrasa kaswida ya Maulidi humwambii kwamba kanuni za kazi haziruhusu. Nilikwenda kwenye kibanda kimoja pale mjini wanapowawekea watu nyimbo kwenye simu, nikampa yule mwenye kibanda flashi yangu, akaichomeka kwenye kompyuta yake iliyokuwa imepitiwa na simu na flashi za nusu ya mji. Kaswida ikaingia. Haikuingia peke yake. Iliingia na kirusi.

Nilianza ziara Makurunge, nikaenda hivyo zahanati kwa zahanati, nikamalizia Mwisho wa Njia. Kila mahali nilichomeka, nikaweka programu, nikachukua nakala, nikapewa chai. Hakuna mbu wa malaria aliyewahi kupokelewa kwa heshima kama ile. Baada ya siku chache simu zikaanza: mafaili hayafunguki, daftari limekuwa tupu, kila folda imegeuka kijialama kisichokwenda popote. Na nakala za akiba, zile nilizozikusanya ili zituokoe, zilikuwa zimelala kitanda kimoja na mgonjwa. Nazo zilikuwa zimeharibika.

Mratibu wa wakati ule alituma mtu kukagua, na mtu yule akaikuta kaswida kwenye kompyuta ya Mwisho wa Njia. Kwa mratibu kesi ilikuwa imekwisha: nesi ameweka nyimbo kwenye kompyuta ya kazi, nyimbo zimeleta kirusi. Akaiandikia kamati ya zahanati barua kwamba Mwajuma anaondolewa kwenye mradi na kompyuta itachukuliwa. Barua ilisomwa mbele ya watu, mwenyewe akiwa amekaa hapo.

Mimi nilijua kaswida ilifikaje. Nilinyamaza siku tatu. Siandiki hivi kujipamba kwa toba. Naandika kwa sababu mtakuja kukosea, na mtashangaa jinsi ulimi unavyoweza kuwa mzito. Nilijiambia huenda kirusi kilitoka kwingine. Nilijiambia Mwajuma ni mtumishi wa zahanati, hatafukuzwa kazi, ataondolewa kwenye mradi tu. Siku ya nne Mzee Hemed aliniita, akafungua kitabu cha safari nilichokuwa nikikiandika kwa mkono wangu, akaweka pembeni yake karatasi aliyoorodhesha simu za malalamiko.

"Makurunge walikuwa wa kwanza kuugua," alisema. "Mwisho wa Njia wa mwisho. Sasa niambie, mwanangu, maradhi yaliyoanzia kwa Mwajuma yalikujaje kuanzia Makurunge?"

Maradhi yalikuwa yamefuata ratiba yangu, siku kwa siku. Nililia pale pale, kwa aibu zaidi kuliko kwa majuto, kisha nikaenda kwa mratibu nikamweleza yote. Barua ya pili ikaandikwa ya kumsafisha Mwajuma. Lakini ile ya kwanza ilisomwa mbele ya watu, na ya pili ilibandikwa ubaoni, chini ya tangazo la vyandarua.

Nilikwenda mwenyewe. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipoteremka, Mwajuma alikuwa barazani. Hakusogea kuja kupokea hotpoti. Alisubiri nikaribie, akasema, "Karibu. Habari za safari."

Mgeni angesikia asione kasoro. Ni maneno mazuri, huambiwa mtu yeyote. Lakini shikamoo haikuwepo, na sote wawili tuliisikia ilivyokosekana. Nikasema nzuri, nikaomba radhi. Akasema ameshasikia, tuanze kazi.

Kazi ilikuwa kuwaita akina mama waje na kadi za kliniki, tuandike upya kila kilichopotea. Walikuja siku tatu mfululizo. Kadi nyingine zilikuwa zimelowa, nyingine zimetafunwa pembe na mtoto mwenyewe mwenye kadi, moja ililetwa imeshonewa kipande cha kitenge kama msahafu. Mwajuma alisoma, mimi nikaandika. Mama mmoja alisimama mbele yangu akaniuliza kwa upole kabisa, "Si mlisema kikiandikwa humo hakipotei?" Mwajuma akaendelea kusoma kadi, nami nikaandika.

Siku ya tatu, tulipomaliza, ndipo aliposema neno lake la kwanza lisilokuwa la kazi.

"Dada, mimi sina haja ya radhi. Watoto wa hapa wakipotea kwenye orodha, anayelaumiwa ni mimi, hata kama kosa ni la mjini. Niletee kitu ambacho hata wewe huwezi kukiharibu."

Wiki iliyofuata nilimpelekea. Diski moja iliyochomwa polepole, iliyofungwa, yenye karatasi ya alama za uhakiki. Akalinganisha herufi zote, zikalingana. Nikamwonyesha kwamba kompyuta haiwezi kuongeza wala kufuta kitu. Aliitoa diski, akaiweka juu ya karatasi yake.

"Umeleta wewe leo," alisema. "Je, atakayekuja baada yako?"

Nikavaa kofia ya pikipiki. Akaniaga kwa kheri, na shikamoo ikabaki alipoiweka.

Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kanuni, na najua nyuma yangu mliniita Bibi Jino. Programu ilikwenda kwa diski iliyofungwa, kila toleo jipya diski mpya, na ya zamani haitupwi mpaka mpya imesomeka. Nakala za akiba zilibebwa kwa vifaa vingine, kila zahanati na chake, havichanganywi kama miswaki isivyochanganywa. Mzee Hemed alifariki katika miaka hiyo. Mwanawe alinipa ile kaseti ya mawaidha, ninayo, ingawa sina cha kuichezea.

Kisha mtandao ukaja kweli. Minara ikasimama hadi huko kwenye mananasi, na Neema akaja kuwa mratibu, kijana, hodari, mwepesi wa kufikiri kuliko sisi wote. Nataka niseme wazi, kwa kuwa atausoma ukurasa huu kwanza: mengi aliyoyabadilisha yalikuwa mazuri. Zahanati za karibu na mji zilianza kupata programu mpya siku hiyohiyo inapotoka. Makurunge sikupeleka diski tena, na sikuona sababu ya kupeleka. Atakayesema mtandao haufai ni muongo, na mimi si muongo. Ugomvi wetu ulikuwa juu ya zile za mbali.

"Mama Zuhura," aliniambia, "kompyuta za siku hizi hazina hata tundu la diski."

"Kuna kisomeo cha nje, kinachomekwa kwa waya."

"Kila kompyuta inajichukulia programu yenyewe kwa mtandao, kutoka kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya mbali. Hatuhitaji hata kuwa na nakala ofisini. Zinatujazia nafasi bure."

"Na seva isipofikika?"

"Itafikika kesho yake."

Nilimwambia kuna mambo yasiyongoja kesho yake. Akacheka, si kwa dharau. Halafu ikatoka amri ya kukusanya diski zote za zamani, kila zahanati irudishe na kutia sahihi. Nilipinga kwenye kikao, nikashindwa kwa kura, nikatii. Matoleo ya zamani yakafutwa kwenye kompyuta ya ofisi. Diski zenyewe alizichukua Mzee Kibwana, mkulima wa mpunga wa Makurunge, azitundike shambani kufukuza ndege. Kisomeo changu cha diski nilikifungia kabatini kwangu, na yeyote aliyekigusa nilimtazama.

Ilikuwa miezi michache kabla ya kustaafu kwangu, siku moja kabla ya siku ya chanjo ya Mwisho wa Njia. Huko chanjo zinafika mara moja kwa mwezi ndani ya boksi la barafu, na asiyekuja siku hiyo anangoja mwezi mwingine. Ndiyo maana Mwajuma ana desturi yake: siku inayotangulia, huchapisha orodha ya watoto waliochelewa, akaipeleka msikitini kabla ya alasiri, na baada ya sala majina ya baba zao yanatangazwa kwa kipaza sauti. Hakuna baba anayetaka kusikia jina lake mara mbili. Orodha hiyo hutoka kwenye programu, haitoki kwingine.

Asubuhi ile programu ilikuwa imeanza kujichukulia toleo jipya. Ilijifuta la zamani kwanza, ikaanza kuvuta jipya kipande kwa kipande, na katikati mtandao ukakatika. Haukukatika huko tu. Mjini kwetu pia hakukuwa na kitu; waya mkubwa ulikuwa umekatika mahali, na hakuna aliyejua utaungwa lini. Simu za kuongea zilifanya kazi. Mwajuma alimpigia Neema saa nne asubuhi: programu haifunguki, si ya zamani wala mpya.

Neema alikuja mezani kwangu. Alikuwa bado ameshika simu mkononi. Seva haifikiki, ofisini hakuna toleo lolote, la zamani wala jipya.

"Mama," alisema, "diski zile ziko wapi?"

"Zinalinda mpunga."

Nilichukua kisomeo kabatini, nikachukua hotpoti juu ya kabati, tukaondoka kwa gari la ofisi. Makurunge ni njiani. Mzee Kibwana alitupokea, tukamwamkia, tukamweleza. Diski zilikuwa zimefungwa kwa kamba kutoka mti hadi mti, zinazunguka na kumeremeta.

"Zichukueni," alisema. "Ndege wa huku wameshazizoea. Wanatua hapo kwenye kamba wanajitazama."

Neema alivua viatu akaingia kwenye tope, akazikata moja moja. Nilichomeka kisomeo kwenye kompyuta yangu juu ya boneti la gari, nikajaribu. Moja haikusomeka kabisa. Moja ilifika nusu ikasimama. Iliyosomeka hadi mwisho alama zake hazikulingana na nilizoziandika kitabuni, nami sikukubali kuipeleka, ingawa Neema aliniomba tujaribu hivyohivyo. Jua, mvua na mchanga vilikuwa vimefanya kazi yao. Ilikuwa inakaribia saa saba.

Mwajuma akapiga tena, safari hii kwangu.

"Mbona hamji?"

"Tunatafuta diski, Mwajuma. Tuko shambani kwa watu."

"Diski gani? Ile uliyoleta ya mwisho? Ninayo."

Nikamwambia haiwezekani, aliirudisha, sahihi yake nimeiona kwa macho yangu.

"Nilirudisha kasha lake," alisema. "Hamkulifungua."

"Na asubuhi ulipompigia Neema hukumwambia?"

"Nimwambie mkubwa wangu kwamba nimekaidi amri yake? Nilikuwa nakungoja wewe uulize."

Neema alikuwa amesimama karibu na simu, tope hadi magotini, na alisikia kila neno. Alifuta miguu kwenye nyasi. Aliingia garini.

Tulifika saa tisa kasoro. Mwajuma alisema karibuni, habari za safari. Diski ilikuwa kwenye kabati la kadi, ndani ya hotpoti ndogo ya buluu aliyoinunua mwenyewe, imevingirishwa kwa kipande cha khanga. Nikachomeka kisomeo. Alisoma herufi kutoka kwenye karatasi yangu ya zamani, na Neema alizifuata kwenye kioo kwa kidole. Zililingana hadi ya mwisho. Kwa bahati toleo jipya lilikuwa halijaligusa daftari lenyewe. Programu ya zamani ikarudi, ikalifungua, na majina yakatokea. Mwajuma aliichapisha orodha akatoka nayo haraka, na baada ya sala tuliisikia sauti ya kipaza sauti ikiwataja baba wa watu kwa zamu.

Kesho yake watoto waliletwa. Neema alilala huko, akakaa siku nzima kwenye benchi na akina mama, akiwaandika. Mimi nilikaa pembeni nikanywa chai.

Msinielewe vibaya. Sishikilii diski kwa sababu ni diski. Nilizishikilia kaseti nikaziacha. Kesho mkipata kitu kingine kisichoandikika, kisichohitaji mnara, kinachokaa kabatini mwa nesi na kinachoweza kuhakikiwa naye mwenyewe, kichukueni. Lakini kiwepo, kiguswe kwa mkono, na kiwe mkononi mwa yule atakayelaumiwa kisipokuwepo. Hilo sitaacha kulisema, hata mkinikuta sokoni nachagua samaki.

Safari yangu ya mwisho ya kazi ilikuwa kwenda kumuaga Mwajuma. Neema aliomba tufuatane. Njiani hotpoti aliipakata yeye, na sikuuliza ndani mna nini. Tulipofika Mwajuma alitukaribisha kama kawaida yake. Neema akafungua hotpoti, akatoa kisomeo kipya cha kubaki pale zahanati, kisha diski moja na karatasi ya alama aliyoiandika kwa mkono. Mwandiko mbaya, lakini unasomeka. Alikuwa ameichoma mwenyewe, toleo jipya kabisa, na sikuwa nimemwagiza.

Wakalinganisha herufi. Zilipolingana, Mwajuma hakuiweka kabatini. Alinisogezea kompyuta.

"Iharibu," alisema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Akatoa simu yake, akaichomeka kwa waya, akanionyesha kwenye kioo. Ilikuwa kaswida ile ile.

"Iweke humo. Jaribu."

Niliivuta kaswida hadi kwenye diski. Kompyuta ikakataa. Nikajaribu kufuta faili. Ikakataa. Nikajaribu njia zote ninazozijua, kwa bidii, na ninazijua nyingi, huku Neema akinitazama. Ilikataa mpaka nikainua mikono.

Mwajuma aliitoa diski, akaivingirisha kwenye khanga, akaifungia ndani ya hotpoti yake ya buluu na kuirudisha kabatini. Kisha akaja akasimama mbele yangu, mwanamke mzima mwenye mvi sasa, akainamisha kichwa kidogo kama alivyokuwa akifanya zamani pale barazani.

"Shikamoo, dada Zuhura."

Ilinibidi nianze mara mbili ndipo nikaweza kumwitikia marahaba.